Yowe la Maji Mekundu

Siku Dorika alipokutana na Masalu, mtu aling'olewa jino pembeni yao na wao hawakuona. Mapenzi hayana haya, nakwambia.

Ilikuwa Jumamosi, soko la Ifakara limefurika. Magunia ya mchele, madumu ya mawese, samaki aina ya mbasa waliokaushwa, redio tatu zinapiga nyimbo tatu. Dorika Kasmiri, mwalimu wa baiolojia, alikuwa anapita katikati na gauni lake la kitenge cha njano na viatu vya mpira vilivyojaa tope, maana alitoka kuchota maji mtaroni. Mkononi alishika chupa ya jamu, na ndani yake maji ya kijani kibichi.

Vibarua wawili wa mashine ya kukoboa walianza kugombania zamu. Ngumi ya kwanza, ya pili, kisha mmoja akanyakua chepe akalizungusha kama mwendawazimu. Watu wakakimbia. Dorika alibaki amesimama na chupa yake. Kijana mmoja aliyevaa kofia ya pama na shati jeupe lililopigwa pasi akamrukia, akamwangusha nyuma ya viroba. Chepe lilipita juu yao likagonga nguzo kwa kishindo. Chupa ilipasukia kifuani kwa kijana.

"Mungu wangu, umewamwaga!" Dorika alipiga kelele.

"Nimewamwaga akina nani? Si nimekuokoa kichwa?"

"Viumbe wangu! Maelfu walikuwa humo. Jumatatu kidato cha tatu watatazama nini, shati lako?"

Kijana akajitazama kifua kilivyogeuka kijani. "Kama litafaa nitalileta, ticha. Au nilivue sasa hivi?"

Dorika alitaka kununa akashindwa, akacheka. Pale nguzoni mwenye chepe alikuwa ameshalazwa chini, anatema damu na jino. Hawa wawili wanachekana. Jina la kijana lilikuwa Masalu, mtoto wa Mzee Jeremia, mfugaji wa Kisukuma wa kule Idete, na hapo mjini alikuwa na duka la dawa za mifugo.

Jumatatu alifika getini shuleni na chupa mpya, akamsalimia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, ticha. Nimewateka wengine kule wanakonywea ng'ombe."

"Shikamoo yao umeichukua?"

"Wameniambia niilete kwako."

Baada ya vipindi Dorika alimwingiza maabara. Alizungushia chupa karatasi nyeusi, akaacha kitundu kidogo upande wa dirisha, wakapiga soga huku wanakula karanga. Alipoibandua ile karatasi, maji yote yalikuwa yamekuwa meupe, na ule ukijani umejikusanya mahali pamoja, pale pale kilipokuwa kitundu. Masalu akavua kofia.

"Wamejuaje?"

"Tazama." Alimwekea tone kwenye hadubini. "Huyu ni yuglena. Mwili wake mzima ni chembe moja. Hana ubongo, hana mshipa, hana hata mama wa kumwelekeza."

"Na hilo doa jekundu?"

"Watu huliita jicho, lakini lenyewe halioni kitu. Kazi yake kutia kivuli. Kinachohisi mwanga kiko pembeni yake. Sasa huyu anaogelea huku anajizungusha, na kila akizunguka doa linakikinga, mwanga unakatika, unarudi, unakatika. Kwa hicho kivuli anajua mwanga unatokea upande gani, anaufuata."

"Na ukiwa mkali mno?"

"Anageuka anakimbia. Ukizidi unamuua."

Masalu akainua uso kutoka kwenye hadubini. "Basi ana akili kunizidi. Mimi nakutazama tangu Jumamosi na sijakimbia."

"Nenda zako!" alisema Dorika, na mwenyewe hakutaka aende.

Kuanzia hapo simu hazikupoa. Kila jioni, huku Dorika anakaanga vitunguu, simu ameibana kwa bega.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula nini, na wewe uko Lumemo na mimi niko dukani nanuka dawa ya kupe?"

"Hiyo dawa yako siku moja itaniua."

"Ikuue wewe mwanga wangu? Bora inywewe na mimi."

Walitaniana na dawa hivyo hivyo, kwa kicheko, bila kujua neno hilo litakuja kuwageukia.

Maana nyumbani kulikuwa na Fridolin, kaka yake Dorika. Mwaka uliopita ng'ombe waliingia katika mpunga wake ukiwa umeshaanza kuinama. Alipokwenda kuwafukuza, wachungaji wawili wa Kisukuma walimpiga kwa fimbo mpaka vidole viwili vya mkono wa kulia vikavunjika na kuunga vibaya. Tangu hapo kwake kila Msukuma alikuwa mmoja wa wale wawili. Mimi nasema wazi, maumivu yake yalikuwa ya kweli, ila aliyataka kila mtu ayalipie.

Baba yao, Mzee Kasmiri, alikuwa na bwawa la perege nyuma ya migomba, karibu na mto Lumemo. Ndilo lililokuwa moyo wake. Dorika alimfundisha kwamba maji ya bwawa yakiwa ya kijani samaki wanashiba, na kinachouleta ukijani ni samadi. Nani mwenye samadi? Masalu. Akaanza kuleta viroba kutoka zizini kwa baba yake, anavimwaga kwa mikono yake mwenyewe, suruali ameikunja hadi magotini.

"Inatosha?" aliuliza.

"Ongeza, mpenzi. Bado mepesi."

Akaongeza. Wiki iliyofuata Dorika akasema tena, ongeza. Lishikeni neno hilo.

Fridolin aliwakuta walipokuwa wanamwaga mara ya tatu. Hakuuliza. Alimtandika Masalu mpini wa jembe mgongoni, puu! Masalu aligeuka, akamchapa ngumi ya taya, Fridolin akaanguka kwenye tope chali.

"Ng'ombe wenu wamekula mpunga, sasa mnataka na dada zetu?" Fridolin alifoka, mdomo umejaa matope na damu.

Masalu alikuwa ameshika mgongo. "Ningejua mko hivi, ningewamwagia dawa ya kuogeshea ng'ombe humo bwawani, mfe pamoja na samaki wenu!"

Jioni Dorika akapiga simu. "Masalu, yale maneno umeyatoa wapi?"

"Ni hasira tu."

"Hasira gani inataja sumu? Ile ni riziki ya baba yangu!"

"Na mpini nilioupata mgongoni, huo huuoni? Hata pole huna?"

"Nijibu kwanza."

"Nimeshajibu, Dorika. Kama hunijui mpaka leo, basi." Akakata. Siku zikapita, kila mmoja anaitazama simu yake na kuiacha, maana wote wawili walikuwa na vichwa vigumu.

Ikafika Alhamisi moja ya jua kali, jua la kiangazi linalopasua midomo. Dorika alirudi kutoka shule mchana, akazunguka nyuma ya migomba kunawa miguu. Alisimama ghafla. Bwawa lilikuwa jekundu. Asubuhi ameliacha kijani, sasa ni jekundu kama maji ya kuoshea nyama buchani, na samaki wanaelea juu, midomo wazi. Katikati yake amesimama Masalu, maji mapajani, na ndoo mkononi. Ukingoni limelazwa bomba lake la kupulizia dawa ng'ombe.

Mimi ninajua alichokuwa anafanya. Alikuwa ametoka kupulizia ng'ombe wa mteja, akaona apitie kuomba radhi. Akakuta samaki wanahema juu ya maji, akaacha bomba, akajitosa kuwachota awapeleke mtoni. Alipomwona Dorika uso wake uling'aa.

"Dorika! Niletee ndoo nyingine, upesi!"

Angemwita jina tu. Angesema, Masalu, kuna nini? Hadithi ingeishia hapo. Lakini Dorika aliona bomba, aliona wekundu, akasikia tena yale maneno ya siku ile. Akaweka kiganja mdomoni, akapiga yowe.

Na yowe, ndugu yangu, halina mwenyewe likishatoka. Bondeni kwetu mtu akipiga yowe hakuna anayeuliza sababu. Labda kiboko, labda mamba, labda mwizi. Unaokota kilicho karibu unakimbia. Walitoka mashambani na majembe, walitoka majumbani na michi.

"Sumu!" Fridolin alipaza sauti alipoona bwawa. "Katia sumu! Si alisema mwenyewe?"

Walimvuta Masalu nje kwa nywele na shati. Jiwe la kwanza lilimpata sikioni. Mchi ukamwangukia begani, mfupa ukalia, kila mtu akausikia. "Ninawaokoa!" alikuwa anasema, "ninawaokoa samaki!" Wakampiga kwa hilo nalo. Mtu mmoja alimkanyaga kifuani na buti la shambani. Fridolin akafika na panga kwa ule mkono wake wenye vidole vibovu. Alikusudia kumpiga usoni kwa ubapa. Panga likamponyoka kiganjani, likageuka, ncha yake ikaingia jicho la kushoto.

"Basi! Mwacheni! Mtamuua!" Dorika alijitupa juu yake. Sasa alipiga yowe la kuwazuia, nani amsikie? Walisimama walipochoka. Masalu alikuwa ameshika uso, damu inapita katikati ya vidole inaingia kwenye maji mekundu, na hukuweza kujua kipi ni kipi.

Hospitalini Mzee Jeremia alikaa mlangoni na koti lake kuukuu, fimbo katikati ya magoti. Dorika alipiga magoti. "Shikamoo, baba."

Mzee hakuitikia. Katika maisha yake hajawahi kuacha shikamoo bila marahaba. Alisema tu, "Rudi kwenu, binti, kabla sijasahau kwamba wewe ni mtoto wa mtu."

Jicho lilikuwa limeshakwenda.

Dorika alikuwa ameteka maji ya bwawa kwenye chupa, apeleke yakapimwe. Ilishinda ndani ya mkoba. Alipoitoa jioni, ukanda wa gauni ukiwa bado na damu, maji yalikuwa ya kijani. Akayaangalia, akayaangalia tena.

Asubuhi aliyaweka dirishani kwenye jua. Akiwa amesimama hapo hapo, wekundu ukaanza kurudi. Akatia tone kwenye hadubini. Walikuwa yuglena, lakini wakubwa kuliko wale wa kwake, na kila mmoja amejaa chembechembe nyekundu tumboni. Jua likiwa kali wanazitandaza mwili mzima, kama mwamvuli, wasiungue. Kivuli kikija wanazikunja ndani, ukijani unaonekana. Akafungua vitabu, akasoma: wanastawi kwenye maji yenye samadi nyingi, na wakijaa hutoa sumu yao wenyewe inayoua samaki.

Samadi. Nani alisema ongeza?

"Ni mimi," alisema peke yake maabara. "Mimi niliyewafundisha watoto wa watu habari za mwanga. Ni mimi." Akalia kilio cha msiba.

Simu ikaita, namba asiyoijua. "Dorika." Sauti ilikuwa nzito, mdomo umevimba. "Nimeazima simu ya nesi. Baba amepiga mwano. Wanakuja kwenu leo. Toeni kina mama na watoto."

Mwano ni yowe la Wasukuma, na ukipigwa kila mwanamume hutoka na silaha, asiyetoka hana jina tena.

"Masalu, nisikilize, haikuwa sumu, ni..."

"Najua haikuwa sumu!" Akakata.

Walifika alasiri. Wanaume wengi, fimbo, mikuki, na dumu la petroli. Fridolin alisimama mlangoni na panga lile lile, hajaliosha. Mzee Kasmiri alishika shoka. Fimbo ya kwanza ilivunja mtungi, ya pili ikashuka kuelekea kichwa cha Fridolin, na Dorika akaingia katikati. Mkono wake ulivunjika kwa mlio mkavu. Hata hivyo hakuondoka.

"Aliyepiga yowe ni mimi!" alipaza sauti. "Nipigeni mimi! Masalu hakutia sumu, alikuwa anaokoa samaki. Wekundu ule ni vijidudu, vinajikinga na jua. Njooni muone bwawa. Jua likizama maji yatakuwa ya kijani."

"Na yasipokuwa?" aliuliza Mzee Jeremia.

"Chomeni nyumba."

"Dorika, una wazimu?" baba yake alinong'ona.

"Ngojeni jua lizame tu, wazee wangu. Ni hilo tu ninaloomba."

Wakasimama kuzunguka bwawa, Wandamba, watu wa akina Dorika, upande huu, Wasukuma upande ule, samaki waliooza katikati, inzi wanavuma. Dumu la petroli limewekwa ukingoni. Dorika alishika mkono wake uliovunjika, jasho linamtoka. Kwenye chupa aliona. Kwenye bwawa zima je? Alimwomba Mungu kimyakimya na hakuwa na uhakika.

Jua likateremka kuelekea milima ya Udzungwa. Kivuli cha migomba kikatanda juu ya maji. Palipofika kivuli, wekundu ukafifia, ukawa kahawia, ukawa kijani. Kivuli kikasogea, ukijani ukasogea nacho, mpaka jua lilipozama bwawa lote likawa kijani kibichi kama mpunga mchanga.

Mzee Jeremia aliinama, akachota kwa kiganja, akatazama. "Nani alimpigia mwanangu yowe?"

"Mimi, baba," alisema Dorika.

"Na nani alimtoa jicho?"

Fridolin akadondosha panga. "Mimi. Wenzenu walinivunja vidole, mzee. Nilidhani..."

"Hao niletee hata leo, nitawapiga mwenyewe. Lakini mwanangu alikuvunja kidole gani?"

Mzee alimshushia Fridolin fimbo moja usoni, midomo ikapasuka, akaanguka. Wandamba hawakuinua mkono. Mzee akageuka, akabeba dumu lake mwenyewe, akaondoka, na watu wake wakamfuata. Kesho yake Mzee Kasmiri alimpeleka Fridolin polisi kwa miguu, baba mbele, mwana nyuma.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza Dorika alipopata ujasiri wa kwenda dukani. Alivaa lile gauni la njano, mkono bado una plasta. Masalu alikuwa nyuma ya kaunta na kofia yake ya pama, kitambaa cheusi kimefunika jicho la kushoto, bega moja liko chini kuliko lingine. Alikuwa anapanga chupa za dawa, anazipapasa upande wa kushoto.

"Karibu," alisema bila kugeuka. "Unataka dawa gani?"

"Sitaki dawa."

Mkono wake ukasimama hewani. Chupa moja ikaanguka, ikapasuka. Hakuna aliyeiokota.

"Ulipiga yowe, Dorika." Alisema polepole. "Mawe nimesahau. Panga nimesahau. Wewe ulikuwa unanijua kuliko wote pale. Nilikuomba ndoo ukapiga yowe."

"Nilipiga."

"Hujitetei?"

"Sina la kujitetea. Samadi niliiagiza mimi, wale wadudu niliwajua mimi, na wewe nilikujua. Nimekuja uniambie usoni kwamba hunitaki, nikalale."

Masalu aligeuka. Ilibidi azungushe kichwa chote ndipo amwone. Akamtazama kwa jicho lake moja kwa muda mrefu, gauni, plasta, machozi.

"Nilipokuwa wodini nilimwaza yule wako wa hadubini," alisema. "Na doa lake moja. Anajizungusha wee, mpaka aone. Na mimi sasa nimekuwa hivyo. Natembea nazunguka." Akacheka kidogo, kicheko kikakatika. "Nikakasirika. Maana kila nikizunguka, nakuona wewe tu."

Dorika alifunika uso.

"Usilie dukani kwangu, wateja watakimbia. Twende tukanywe chai."

Wakatoka. Barabara ilikuwa na tope na honi. Masalu alishuka ukingoni, mguu mbele. Bodaboda ikatokea kushoto, inakuja kwa kasi, na yeye hakuiona. Dorika aliiona. Yowe lile lile likaja mpaka kwenye meno. Akalimeza.

"Masalu!"

Akasimama palepale. Pikipiki ikapita, ikamrushia tope kwenye shati jeupe.

Masalu alishusha pumzi. Akamshika mkono wake mzima, akamhamishia upande wake wa kushoto.

"Hapo ndipo utakapokaa," alisema. "Huko sioni. Ukiona kitu, niite jina."

"Siku zote?"

"Mwambie Mzee Kasmiri Jumamosi nakuja na wazee wangu. Fimbo tutaziacha nyumbani."

Dorika alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Na ng'ombe?"

"Ng'ombe wanakuja, ticha. Ila hawatapita kwenye mpunga."